Alama Zimeshuka. Je, Mgonjwa Amepona?

Kila mwaka, inapokaribia Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, kuna kipimo kinachozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Maswali tisa, unajibu, unajumlisha, unaambiwa kama una sonona na ni kali kiasi gani. Siku hizi watu hawakijazi mara moja tu. Mmoja anapata 16, baada ya wiki mbili anapata 12, anatangaza kwamba amepona kwa robo. Mwingine alikuwa na 9, sasa ana 11, anaapa kwamba dawa alizopewa hazimfai na kuanzia kesho anaziacha. Wote wawili wanaweza kuwa wamekosea, na kosa lao ni moja: wameisoma namba ya hojaji kama wanavyosoma kilo za unga.

Unga unawekwa kwenye mizani. Huzuni haina pa kuwekwa. Tunachoweza ni kufanya kama mvuvi, ambaye upepo hauoni lakini anaona tanga linavyojaa. Tunauliza kuhusu usingizi, hamu ya kula, nguvu za mwili na matumaini, kisha kutokana na majibu tunakisia ukubwa wa kitu chenyewe. Elimu ya kufanya makisio hayo kwa hesabu na kwa uangalifu inaitwa saikometria. Haihusu sonona peke yake. Mitihani ya shule, vipimo vya maumivu, vya woga, hata vya ubora wa maisha ya mgonjwa wa saratani, vyote vinapita humo. Ila hapa nitabaki kwenye sonona, kwa sababu ndiko ubishi ulipo.

Kipimo kinachozunguka kinaitwa PHQ-9. Kilitangazwa mwaka 2001 na watafiti wa Marekani, Kroenke, Spitzer na Williams, na kimeenea dunia nzima kwa sababu ni kifupi na hakilipiwi. Kinauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: kukosa raha ya kufanya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, hamu ya kula, kujiona umeshindwa, kushindwa kutuliza akili, kuwa mzito au kutotulia, na mwisho mawazo ya kufa au kujidhuru. Kila swali lina majibu manne, kuanzia "hapana kabisa", ambayo ni 0, hadi "karibu kila siku", ambayo ni 3. Jumla ya juu kabisa ni 27. Kuanzia 5 dalili huitwa ndogo, 10 za wastani, 15 nzito kiasi, 20 kali. Ile 10 ndiyo iliyozoeleka kama kizingiti cha kusema: huyu aonwe na mtaalamu. Aonwe tu. Hojaji inachuja watu kama chujio la chai, haitoi hukumu ya ugonjwa.

Sasa twende kwenye mabadiliko, maana kupima mara moja na kupima kama mtu amebadilika ni kazi mbili tofauti.

Nenda buchani, pima kipande kile kile cha nyama mara tatu kwenye mizani iliyochakaa. Utaambiwa kilo moja na nusu, kisha moja na robo tatu, kisha moja na nusu tena. Nyama haijaongezeka wala kupungua, mizani ndiyo inayotetemeka. Hojaji nayo inatetemeka. Ukijibu asubuhi baada ya usiku wa mbu, na ukijibu jioni baada ya kulipwa deni lako, utapata namba mbili ingawa sonona ni ile ile. Waliotengeneza PHQ-9 walilijua hilo. Waliwapigia simu baadhi ya wagonjwa ndani ya saa 48 wakawauliza maswali yale yale, na majibu ya mara ya kwanza na ya pili yalilingana kwa kiwango cha 0.84, ambapo 1 ingemaanisha kulingana kikamilifu. Ni kiwango kizuri, lakini si 1.

Pengo hilo dogo lina gharama. Mwaka 1991, wanasaikolojia wa Marekani Neil Jacobson na Paula Truax waliandika njia rahisi ya kujua alama zipungue kiasi gani ndipo tuseme hili si tetemeko tu. Tujaribu wenyewe. Tuchukulie kwamba alama za wagonjwa wa kliniki moja hutawanyika kwa kama 6 juu na chini ya wastani wao. Kwa kile kiwango cha kulingana cha 0.84, tetemeko la jumla ya mara moja ni kama alama 2.4. Lakini sisi tunalinganisha jumla mbili, na kila moja ina tetemeko lake, kwa hiyo tetemeko la tofauti linafika 3.4 hivi. Ili tusidanganyike zaidi ya mara 5 katika 100, tunazidisha karibu mara mbili. Tunaishia kati ya 6 na 7.

Ndiyo maana nchini Uingereza, kwenye huduma ya umma ya tiba za mazungumzo iliyoanzishwa mwaka 2008 na leo inaitwa NHS Talking Therapies, badiliko la PHQ-9 halihesabiwi kuwa la kuaminika mpaka lifike alama 6. Mtu wetu wa 16 kwenda 12 amesogea 4. Yule wa 9 kwenda 11 amesogea 2, na mbili kwenye kipimo hiki ni kama mbwembwe za mizani ya buchani.

Hapa watu wengi huruka upande wa pili wa shimo. Wakiambiwa badiliko la 4 halijatosha kuaminika, wanasikia kwamba hakuna kilichobadilika. Sivyo. Pengine mtu huyo amepata nafuu ya kweli, ila kipimo chenyewe hakina nguvu ya kulithibitisha kwa namba mbili tu. Dawa ya hilo ni kupima mara nyingi zaidi. Huduma ile ya Uingereza hupima kila kikao, na namba nane zinazoteremka taratibu zinasema jambo ambalo mbili haziwezi. Tetemeko linakwenda huku na huku, nafuu inaelekea upande mmoja.

Kuna kigezo cha pili kinachochanganywa na hicho: kuvuka kizingiti. Ripoti inaposema wagonjwa kadhaa "wamepona", mara nyingi maana yake ni kwamba walianza na 10 au zaidi wakamaliza chini ya 10. Fikiria mama muuza vitumbua aliyeanza na 24, hata kuwasha jiko alikuwa hawezi. Amefika 12. Amerudi sokoni, anacheka na wateja. Kwa kigezo hiki hajapona. Jirani yake alianza na 10 akamaliza na 9, na huyo amevuka. Kwa hiyo ukisoma asilimia ya waliopona mahali popote, uliza walisogea kiasi gani, na si tu walivuka mstari gani. Binafsi naona neno "kupona" lingeachwa kabisa kwenye takwimu hizi. Limebeba ahadi ambayo hojaji ya maswali tisa haina uwezo wa kuitimiza.

Tuseme basi alama zimeshuka kwa 8. Badiliko ni kubwa, si tetemeko. Tiba imefanya kazi?

Bado hatujui. Jiulize mtu huenda hospitali lini. Haendi siku ya kawaida, huenda siku ambayo mambo yamemfika shingoni. Sonona hupanda na kushuka, na ukimkamata mtu akiwa kileleni, njia iliyobaki kwake kwa sehemu kubwa ni ya kuteremka, hata ukimpa maji ya kisima. Mwanasayansi wa Uingereza Francis Galton aliliona jambo hili mwaka 1886 akilinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao: wazazi warefu mno walizaa watoto warefu, lakini kwa kawaida si warefu kama wao. Wataalamu huliita kurudi kwenye wastani. Sisi tunalijua bila jina. Mganga anayeitwa usiku ambao homa imefika kileleni husifiwa asubuhi homa ikishuka.

Njia ya kulikwepa ni kuwa na kundi la kulinganisha, na mfano ninaoupenda unatoka Harare. Mtaalamu wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha huduma ya Friendship Bench, ambapo wahudumu wa afya wa jamii, wengi wao bibi wa makamo, huketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia kulichambua tatizo moja baada ya jingine. Jaribio lao lilichapishwa mwaka 2016. Watu 573 katika zahanati 24, nusu ya zahanati zikiwa na benchi na nusu zikitoa huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Kipimo chao kikuu hakikuwa PHQ-9 bali hojaji ya maswali 14 iliyotengenezwa huko huko Zimbabwe kutokana na lugha ya Kishona, na ili kuingia kwenye utafiti ulipaswa kuwa na alama 9 au zaidi. Baada ya miezi 6, waliokaa kwenye benchi walikuwa na wastani wa 3.81. Wale wengine, 8.90.

Itazame hiyo 8.90 vizuri. Kila mtu aliingia akiwa na angalau 9. Maana yake hata kundi lisilokuwa na benchi lilishuka. Kama Chibanda na wenzake wangepima watu wa benchi peke yao, wangejisifia na ule mteremko ambao ungetokea hata bila wao. Kwa kuwa walikuwa na kundi la pili, tunaweza kusema kwamba alama tano hivi za tofauti ndizo zinazotokana na benchi. Kupungua kwa jumla ni hadithi ya mganga na homa, na tofauti kati ya makundi mawili ndiyo ushahidi.

Washona wana neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na hojaji yao inaanzia humo. Mswahili hashangai, kwetu ukisema mtu "ana mawazo" hakuna anayeuliza mawazo gani.

Nilisema tunajumlisha majibu. Kujumlisha huko nako kuna mashaka. Kunachukulia kwamba alama moja ya uchovu ni sawa na alama moja ya kutamani kufa. Watu wawili wenye 12 wanaweza kuwa katika hali tofauti kabisa. Mmoja halali, hali, amechoka, akili haitulii. Mwingine analala vizuri lakini anajiona mzigo kwa kila mtu.

Kipimo cha Hamilton, kilichotoka mwaka 1960 na kutumika kwa miongo mingi kwenye majaribio ya dawa za sonona, kinaonyesha hatari hii waziwazi. Toleo lake la maswali 17 lina jumla ya alama 52, na maswali matatu ni ya usingizi, kila moja likifika alama 2. Jumla 6. Mwaka 2004, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, iliichukua tofauti ya alama 3 kati ya dawa na kidonge kisicho na dawa kuwa inatosha kuitwa ya maana. Piga hesabu mwenyewe: dawa inayoleta usingizi tu, isiyogusa huzuni hata kidogo, inaweza kuvuka kiwango hicho.

Katika pwani yetu mkwezi wa mnazi hukata vidato kwenye shina ili apate pa kuweka mguu. Ukimwuliza amefika wapi atakwambia kidato cha nane. Lakini vidato havikukatwa kwa futi: vingine vimekaribiana, vingine vimeachana. Kupanda kutoka cha tatu hadi cha nane si lazima iwe safari sawa na kutoka cha kumi hadi cha kumi na tano, ingawa vyote ni vidato vitano. Alama za hojaji ni vidato. Mwaka 1960 huo huo, Georg Rasch, mtaalamu wa hesabu wa Denmark aliyekuwa akipima usomaji wa watoto, alichapisha mfano wa kihesabu unaotafuta mita zilizojificha kati ya vidato. Wazo lake ni kwamba kila swali lina ugumu wake na kila mtu ana kiwango chake, na vyote viwili vinawekwa kwenye mstari mmoja. Watu wengi hukubali kwamba wanachoka, hata wenye sonona ndogo, kwa hiyo swali hilo liko chini kwenye shina. Wachache hukubali kwamba wanatamani kufa, kwa hiyo lile liko juu. Ukishajua kila swali liko wapi, nafuu haipimwi tena kwa kuhesabu vidato, inapimwa kwa umbali ambao mtu ameteremka kweli.

Faida nyingine ya mifano ya namna hii ni kwamba inafichua swali linalotenda isivyopaswa. Na hapo ndipo penye jambo ambalo kwangu ndilo gumu kuliko yote: je, kipimo cha mwanzo na cha mwisho ni kipimo kimoja?

Zamani kitambaa kilipimwa kwa dhiraa, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Mkono wa nani? Ukinunua kwa mwenye mkono mfupi na kuuza kwa mwenye mkono mrefu, kitambaa kitaonekana kimepungua na hakuna aliyekikata. Kwenye hojaji, mkono ni mgonjwa mwenyewe. Mtu aliyeishi na huzuni tangu utotoni anaweza kujibu "siku kadhaa" kwa sababu anaidhani ndiyo hali ya binadamu wote. Baada ya vikao vitano na mshauri nasaha anaanza kuitambua, kuipa jina, kuihesabu siku kwa siku. Sasa anajibu "karibu kila siku". Alama zimepanda na mtu amepiga hatua. Kinyume chake pia hutokea: mgonjwa amezoea, amejipunguzia matarajio, anajibu kwamba yu sawa.

Na sisi tuna letu la ziada. Mswahili akiulizwa hujambo, jibu ni sijambo. Habari za nyumbani? Nzuri, tunamshukuru Mungu, ila mama tumemzika juzi. Nzuri hutangulia, msiba hufuata baadaye, mtu akipewa nafasi. Hojaji haina mahali pa "ila". Ongeza kwamba anayeuliza mara ya pili ni yule yule muuguzi aliyekuhudumia kwa upole miezi mitatu, na wewe una adabu zako. Utamwambia usoni kwamba hajakusaidia? Baadhi ya alama zinazoshuka ni shukrani.

Mwili nao huingilia. Mjamzito halali vizuri, amechoka, na chakula kinamchefua. Alama kadhaa tayari, bila sonona. Ndiyo sababu John Cox na wenzake walipotengeneza kipimo cha Edinburgh cha akina mama waliojifungua, mwaka 1987, waliziacha dalili nyingi za mwili na kuuliza zaidi kuhusu kucheka, kulia na hofu. Mtu anayeishi na VVU au aliye kwenye dawa za kifua kikuu ana shida hiyo hiyo, na alama zake zinaweza kushuka kwa sababu kifua kimepona. Watafiti waliojaribu PHQ-9 kwa watu wanaoishi na VVU magharibi mwa Kenya, matokeo yao yakatoka mwaka 2009, walikiona kinafaa. Lakini walilazimika kukijaribu kwanza, hawakukitafsiri tu na kukigawa. Zile nakala za WhatsApp, hata zile za Kiswahili fasaha, hazituambii nani alizijaribu wala kwa nani.

Baada ya kusoma yote haya kuna atakayesema basi tuachane na namba, daktari mzuri anamjua mgonjwa wake kwa kumtazama. Natamani ingekuwa hivyo. Katika utafiti uliotoka Marekani mwaka 2005, washauri waliombwa kubashiri ni nani kati ya wateja 550 angemaliza tiba akiwa na hali mbaya zaidi. Waliwataja 3. Kwa vipimo, waliozorota walikuwa 40. Hawakuwa wazembe hao. Ni vigumu tu kumwona mtu akizama ukiwa umemshika mkono. Mizani inayotetemeka bado ilikuwa bora kuliko jicho lisilo na mizani, na daktari mwenye vyote viwili ana nafasi ya kumuuliza mgonjwa kwa nini vinapingana.

Kwa hiyo yule wa 9 kwenda 11 asiache dawa kwa ajili ya alama mbili, na kama anataka kuziacha kwa sababu nyingine azungumze kwanza na aliyemwandikia. Yule wa 16 kwenda 12 aendelee na vikao na apimwe tena, kwa hojaji ile ile, ikiwezekana saa zile zile, na mtu ambaye yeye mgonjwa hana haja ya kumfurahisha.

Swali moja tu halingoji hesabu yoyote kati ya hizi. Swali la tisa, la mawazo ya kufa au kujidhuru, husomwa peke yake. Mtu anaweza kuwa na jumla ya 4, akaitwa mwenye dalili chache kabisa, na moja kati ya hizo nne ikatoka hapo. Mhudumu anayejua kazi yake huweka kalamu chini, anavuta kiti karibu na kuuliza.